Siku yangu moja, kati ya randa na ramani

Saa 12 asubuhi. Kabla ya chochote nagusa mbao. Kipima unyevu kinasoma asilimia 14. Bado. Kwa fanicha ya ndani nataka ishuke hadi 10 hivi, mteja apige simu asipige. (Anapiga.)

Saa 2. Meza imerudi. Niliitengeneza mwaka wangu wa kwanza wa kujitegemea, na sasa uso umepasuka ufa wa kuingia ukucha. Kosa ni langu: niliubana kwenye fremu kwa gundi na skrubu pande zote. Mbao hutanuka na kunywea kwa upana, kwa urefu ni kidogo mno. Ukiinyima nafasi inajipasulia yenyewe. Fundi aliyenilea alinionya, miaka ile nikifagia maranda na kunoa patasi zake, lakini nani anasikia akishapata karakana yake? Nabandua gundi ya zamani, nafungua skrubu moja moja. Ya mwisho inapolegea, ufa unajifunga nusu mbele ya macho yangu. Nagundisha, naubana ufa kwa jiliwa. Matundu ya skrubu nayachonga marefu ili uso uweze kuteleza. Simtozi mteja kitu, bila shaka.

Saa 6. Ankara na simu. Hakuna aliyeniambia kujiajiri kuna makaratasi kiasi hiki.

Saa 8 mchana. Nanawa gundi, nakaa kwenye ramani. Kuchora nilijifunza kwa hasira, baada ya kabati langu kugoma kupita mlangoni, na mlango ndio uliokosewa. Leo ni ngazi. Kupanda mita 2.8 kunataka vipandio 16 vya sentimita 17.5, na pa kukanyaga sentimita 28. Mara 15, maana kipandio cha mwisho kinafikia sakafu ya juu, ni mita 4.2. Kona waliyonipa wenye nyumba ina 3.1. Wangependa niisimamishe zaidi. Hiyo itakuwa ngazi ya kupandia darini, si ya mtu aliyebeba mtoto. Naikunja kwa kituo katikati, jukwaa dogo la kugeukia. Zege na nguzo namwachia mhandisi, mimi sisaini nisichokijua.

Saa 11 jioni. Mteja wa ngazi anauliza kituo kinakula nafasi gani. Namchorea kabati chini yake. Anakubali kwa sababu ya kabati.

Saa 1 usiku. Nalegeza jiliwa kidogo, napitisha kidole kwenye ufa. Sioni kitu. Kidole bado kinauona.