Miguu ya bibi wa Kihesa

Ilikuwa Julai 2008, Kihesa, mjini Iringa, baridi ile ya kupasua midomo. Baada ya misa ya kwanza nilipangiwa zamu na mama mmoja anayeuza vitunguu sokoni. Sisi wa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo hutembelea wahitaji wawili wawili. Nilikuwa na miezi miwili tu chamani, na kazi yenyewe niliiona ni kubeba: sembe kilo tano, maharage, mche wa sabuni, kiberiti. Hela ilitoka kwenye kifuko kinachopitishwa kikaoni. Kila mmoja huingiza mkono uliofumbwa, mwenye mia na mwenye elfu kumi hawajulikani. Nilikipenda kifuko kile, maana mara nyingi mkono wangu uliingia mtupu.

"Kamwene, bibi!" tukamsalimu kwa Kihehe.

Bibi alikuwa kando ya mafiga, kajifunika kitenge hadi kidevuni. Nikatua mzigo mlangoni, nikasema tumeleta chakula kidogo, nikaanza kugeuka. Mama alishavuta kigoda.

"Umeamkaje, bibi?"

"Nimeamka, mwanangu. Miguu tu."

Mama akaifunua. Kucha zilikuwa ndefu, nene, zimejikunja. Ya kidole gumba imezama nyamani, pametunga usaha. Majirani walimpelekea ugali kila siku, tena kwa moyo. Lakini nani huulizia kucha za mtu asiyeweza kuinama?

"Bandika maji, mwanangu," mama akaniambia.

Nilikuwa nimekariri kwamba Frédéric Ozanam na wenzake walianzisha chama huko Paris mwaka 1833, naye akiwa mwanafunzi wa miaka 20, karibu rika langu. Habari za kucha sikuwa nimezisikia popote.

Mama aliiosha ile miguu kwa sabuni tuliyoleta, akailoweka kwenye beseni mpaka kucha zikalainika, akazikata kwa wembe mpya, taratibu. Mimi nilishika kisigino. Kilikuwa cha baridi, kimechanika nyufa zinazoingiza ncha ya kidole. Ile iliyozama hakuigusa.

"Hii ya hospitali. Kesho nakuja kukuchukua, bibi."

Na kesho yake alimpeleka kweli, meza yake ya vitunguu ikashinda imefunikwa turubai.

Bibi akasogeza vidole motoni, akavichezesha kimoja kimoja huku anavitazama. Kisha akauliza vitunguu siku hizi ni bei gani. Wakazama kwenye hayo mpaka saa saba, nami nikichochea kuni.