Uliyerushwa na Tufani

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Neno letu la wiki hii ni Isaya 54:11: "Ewe uliyeteswa, uliyerushwa na tufani, usiyetulizwa, tazama, nitaweka mawe yako kwa rangi nzuri, na kuweka misingi yako kwa yakuti samawi."

Tumezoea kulisoma andiko hili kama limeandikiwa mtu mmoja. Mjane hulisoma, mgonjwa hulisoma, aliyeachishwa kazi hulisoma, na kila mmoja hupata chake. Sina neno na hilo. Ila ukisoma sura yote utaona kwamba anayeambiwa ana misingi, ana minara, ana malango. Ni mji. Mungu anausogelea Yerusalemu kama unavyomsogelea mama aliyekaa chini kashika tama, hajala tangu jana.

Tangu Jumapili nimekuwa nikilirudia neno hili, na kila nikilirudia, mji unaonijia ni Beira, ng'ambo ya Ruvuma, mwambao huu huu wetu, mbali kule kusini katika jimbo la Sofala, nchini Msumbiji.

Wengine mtakumbuka. Ilikuwa Kwaresima ya 2019. Kimbunga Idai kilianza mapema Machi kama mvua tu, mvua kubwa iliyoleta mafuriko Msumbiji na Malawi. Kikatoka kwenda baharini, ungedhani kimekwisha. Kumbe kule kwenye Mlango-bahari wa Msumbiji, kati ya bara na Madagaska, maji yalikuwa ya vuguvugu, na kimbunga hula joto la bahari kama moto unavyokula kuni. Kikakusanya nguvu, kikageuka, kikarudi. Usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, tarehe 15 Machi, kikaingia Beira kwa upepo wenye kasi ya zaidi ya kilomita 160 kwa saa.

Beira ilianzishwa 1887 kwenye kinamasi, pale mto Pungwe unapoingia baharini. Maji yakijaa, sehemu zake nyingine huwa chini ya usawa wa bahari. Sasa fikirieni watu zaidi ya laki tano mahali kama hapo, usiku, umeme umekatika, mabati yanang'oka na kupaa gizani, na bahari nayo inapanda. Kulipopambazuka hakukuwa na simu wala barabara. Baadaye Shirikisho la Kimataifa la Msalaba Mwekundu lilisema asilimia 90 ya mji na vitongoji vyake imeharibika. Na watu walipoanza kuokota vilivyobaki, yakaja maji ya pili: mito ya Pungwe na Búzi ilivunja kingo kwa mvua ya bara, mabonde yakawa kama ziwa, na watu wakakaa juu ya miti na mapaa wakingoja boti au helikopta. Msumbiji peke yake ilipoteza watu zaidi ya 600. Ukijumlisha na Zimbabwe na Malawi, wanapita 1,000. Mahindi yalikuwa karibu kuvunwa.

Mimi nilizipokea habari hizo kama habari za mbali. Nilisema "maskini," nikatoa sadaka iliyotangazwa, nikaendelea na mfungo wangu.

Wiki sita hazijatimia, ikawa zamu yetu Mtwara. Ilikuwa Alhamisi ya wiki ya Pasaka, tarehe 25 Aprili. Kimbunga Kenneth kilikuwa kimeshapiga Komoro, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatutahadharisha. Shule zikafungwa, ofisi zikafungwa. Nilikwenda Mikindani kwa mama. Nilimkuta uani na kijana wa jirani, wanapandisha mawe juu ya bati. Yalikuwa mawe ya matumbawe, yale mepesi ukiyabeba lakini yanachubua viganja. Mama anainama, anampokeza kijana aliye kwenye ngazi, kijana anayapanga kufuata mistari ya misumari. Mama alikuwa anahesabu kwa sauti. Yalipofika thelathini na moja akasema basi, mengine atamalizia Mungu. Tukaingia ndani, tukafunga dirisha kwa kamba, tukasoma Zaburi ya 46.

Jioni ikaja habari kwamba kimegeukia kusini. Nilisimama pale sebuleni nikashukuru kwa sauti kubwa: "Asante Bwana, umekigeuza!" Mama hakuitikia amina. Aliitazama mikono yake iliyochubuka, akasema, "Kimegeukia kwa kina dada yangu."

Maana sisi Wamakonde mto Ruvuma haukututenga. Mama ana ndugu zake Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, na huko ndiko Kenneth kilikotua siku ile.

Sijaisahau sauti yake. Sisemi tusishukuru tunapookoka. Zaburi zimejaa shukrani hizo. Lakini tangu jioni ile naiogopa shukrani yangu inapomruka jirani. Nimejifunza kuuliza kabla ya kusema "ametuepusha": kimekwenda wapi? Kimemwangukia nani?

Turudi kwa Isaya. Angalieni Mungu anavyouita mji ule kabla hajauahidi chochote. Uliyeteswa. Uliyerushwa na tufani. Usiyetulizwa. Hilo la tatu ndilo lililonishika. Mungu mwenyewe, aliye na uwezo wa kutuliza, anaanza kwa kukiri kwamba huyu bado hajatulizwa. Hamharakishi. Hamwambii "yamepita, sahau." Sisi waumini, nasema kwa uchungu, mara nyingi hatuna subira hiyo. Maiti hajazikwa tumeshatoa sababu.

Baada ya Idai nilisikia, na pengine nanyi mlisikia, watu wa dini wakisema Beira imeadhibiwa kwa dhambi zake. Bwana wetu aliletewa habari za namna hiyo. Katika Luka 13 anawataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, anauliza: mwadhani wao walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe: sivyo. Kisha akawageuzia waliomletea habari wito wa kutubu. Kama tunatafuta dhambi katika habari ya Beira, tuanze na ile ya moshi: bahari inazidi kupata joto kwa sababu ya viwanda, magari na mitambo ya nchi tajiri, na Msumbiji ni miongoni mwa nchi zilizochangia kidogo sana moshi huo. Aliyelipa siye aliyekula.

Basi Mungu akiisha kumwita kwa jina la msiba wake, anaanza kujenga. Anaanza wapi? Minara na malango yanakuja mstari wa 12. Kwanza anaweka mawe, anaweka misingi, na misingi hiyo ni ya yakuti samawi. Nimelifikiria hili sana. Yakuti ni kito cha kuvaa kidoleni, cha kuonwa na watu. Nani huchukua kito akakifukia chini ya nyumba? Fundi yeyote atakwambia msingi haumsifii mtu. Mgeni akija husifia bati, husifia rangi na vigae. Mungu anakitia cha thamani kuliko vyote mahali ambapo hapatazamwi na mtu.

Beira wanalijua hili kwa mikono yao. Katikati ya mji ule unapita mto mdogo uitwao Chiveve, unaojaa na kupwa pamoja na bahari. Kwa miaka mingi ulikuwa umeziba kwa tope na taka. Miaka michache kabla ya Idai, manispaa kwa msaada wa Ujerumani iliuzibua, mikoko ikapandwa kingoni, pakawekwa lango la kudhibiti maji ya bahari. Kisha kwa fedha za Benki ya Dunia ikajengwa mifereji mipana ya kilomita kama 11 pamoja na bwawa la kupokea maji ya mvua, kazi iliyokamilika 2018. Meya wa wakati huo, Daviz Simango, alikuwa mhandisi wa ujenzi, na tena mtoto wa mchungaji: baba yake, Uria Simango, alikuwa makamu wa rais wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, enzi zile kikiwa Dar es Salaam. Mifereji! Hakuna anayepigiwa vigelegele kwa mfereji. Lakini Idai kilipopita, mitaa iliyokuwa karibu na mifereji ile ilikauka mapema kuliko mingine.

Na baada ya tufani, kazi zilizoutetea mji zilikuwa za namna hiyo hiyo. Kipindupindu kilipozuka mwishoni mwa Machi, zililetwa dozi karibu laki tisa za chanjo ya kunywa, na katika siku chache za mwezi Aprili zaidi ya watu laki nane wakachanjwa. Mhudumu wa afya na boksi lake la barafu, mtaa kwa mtaa. Watu wakazibua visima, wakapigilia upya mabati yaliyokunjamana, na aliyekosa bati akaezeka turubai.

Siwezi kuwaambia kwamba yote yalitimia. Mkutano wa wafadhili ulipofanyika Beira kwenyewe, mwishoni mwa Mei hadi 1 Juni 2019, Serikali ya Msumbiji ilieleza mahitaji ya dola bilioni 3.2, ikaahidiwa bilioni 1.2. Tarehe 30 Desemba 2020 kikaja kimbunga Chalane. Tarehe 23 Januari 2021, wiki tatu tu baadaye, kikaja Eloise, kikatua karibu na mji ule ule. Waliokufa walikuwa wachache mno kuliko wakati wa Idai, kwa sababu tahadhari ilifika mapema na watu walihamishwa. Lakini mashamba yalifunikwa tena, na wako waliokuwa wangali kwenye makazi ya muda tangu Idai, upepo ukawachania mahema waliyokuwa wakiyaita nyumbani. Simango mwenyewe alifariki mwezi uliofuata, Februari 2021.

Uliyerushwa na tufani, usiyetulizwa. Isaya hakusema tufani ni moja.

Nina jambo moja zaidi kuhusu mawe, kwa sababu linanifurahisha na kwa sababu linatuhusu. Kusini kidogo ya Beira palikuwa na bandari ya kale ya Sofala. Wazee wetu wa pwani waliijua kabla Mreno hajaja. Dhahabu ya nyanda za Zimbabwe ilishukia hapo, ikapandishwa majahazi kuja Kilwa. Mwaka 1505 Wareno wakaanzisha ngome pale, nayo baadaye ikajengwa kwa mawe. Karne zikapita, biashara ikafa, bahari ikaimega Sofala kidogo kidogo mpaka ngome ikabaki gofu. Watu wa Beira walipotaka kujenga kanisa kuu lao, mwanzoni mwa karne ya 20, walikwenda kuyachukua mawe ya ngome ile. Yaliyowekwa kulinda dhahabu yakawa kuta za nyumba ya sala. Mji uliomezwa na bahari ulitoa mawe yake kwa mji mwingine unaopigana na bahari hiyo hiyo. Ninaposoma "nitaweka mawe yako," naona hayo. Hasemi ataleta mawe mapya. Anasema mawe yako.

Iko mitaa Beira inaitwa Macuti, na Mswahili akilisikia jina hilo anaona paa la makuti. Ni watu wetu. Wanavua kama sisi, wanakaanga muhogo kama sisi, wanaogopa upepo ule ule. Msimu wa vimbunga ndio huu unaanza, kuanzia Novemba hadi Aprili, kwao na kwetu. Hidaya cha Mei 2024 kilichopiga Mafia kilitukumbusha kwamba hata kalenda hiyo si ukuta.

Kwa hiyo wiki hii naomba tuwaombee kwa majina ya mahali: Beira, Dondo, Búzi, na Cabo Delgado ambako juu ya tufani kuna vita. Tusiombe haraka. Mwenye ndugu kule ampigie simu, amsikilize mpaka amalize.

Halafu kuna mtaro wetu. Mnaujua, ule wa nyuma ya kanisa unaoteremka hadi kwa kina mama wauza samaki. Umejaa chupa na matawi ya mkorosho tangu mwaka jana, na mvua ya Januari iliyopita ilirudisha maji mpaka ndani ya nyumba tatu kule chini, nyumba za watu wasiosali na sisi. Tulisema tutauzibua. Tulikuwa na harambee ya vigae vya madhabahuni, tukausahau. Mimi ni mmoja wa waliousahau.

Jumamosi hii, saa moja asubuhi, tukutane hapo. Mwenye koleo alete koleo, mwenye toroli alete toroli. Vijana wa kwaya wameahidi kuja na majembe. Mama yangu naye amesema atakuja. Nimemwambia apumzike, miaka imeenda. Amenijibu kwamba uji wa watu ishirini hautajipika wenyewe.