Jinsi nilivyowatenganisha babu zetu wawili wa vita

Nyumbani kwetu Mtama, Lindi, kila mtoto amekua akisikia habari za babu aliyekwenda vita vya Mjerumani. Alibebeshwa mizigo hadi ng'ambo ya Ruvuma, akapanda meli, akapigana na Wajapani msituni, akarudi na nishani. Niliamua kuiandika habari hiyo wazee wangali hai, maana mtu aliyeteseka kiasi kile hafai kubaki jina la kutajwa kwenye khitma tu.

Shida ni kwamba kwa wazee wa huku Mjerumani yumo kila mahali. Majimaji ya 1905 hadi 1907 ni ya Mjerumani, vita vya 1914 hadi 1918 ni vya Mjerumani, na vile vya Hitler navyo ni vyake. Ukiuliza mwaka, hupati kitu. Kwa hiyo nikaachana na miaka, nikawa nauliza: alibeba nini? Alikwenda kwa miguu au kwa chombo? Alipochukuliwa, nani alikuwa mjamzito? Nani alikuwa jandoni? Hapo wazee husimulia mpaka jua linazama.

Bibi mdogo, yaani mdogo wake bibi mzaa mama, ndiye aliyenifungulia njia. Alisimuliwa na mama yake kwamba meli ya Wajerumani ilikuja kujificha Sudi, vijana wakakusanywa kushusha mizigo na kuibeba bara. Nilipofuatilia nikakuta ni kweli: meli iitwayo Marie iliingia ghuba ya Sudi Machi 1916, imesheheni mizinga, risasi na dawa. Akasema pia kwamba vita vilipofika Mahiwa watu walihamia porini na mihogo michanga ikang'olewa mashambani. Mahiwa ni jirani zetu. Waingereza na Wajerumani walipigana pale kuanzia 15 hadi 18 Oktoba 1917, na waliokufa walikuwa wengi mno. Kisha von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akarudi nyuma kupitia Newala, akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji pale Ngomano tarehe 25 Novemba, wapagazi wakiwa naye. Babu yetu alikuwa miongoni mwao.

Sasa Wajapani walitoka wapi?

Mjomba ndiye mwenye sanduku la bati la ukoo. Nilimwomba kwa adabu, akalifungua, akatoa kitambaa cha kanga kilichokunjwa mara nyingi. Ndani mlikuwa na nyota ya shaba yenye ncha sita. Utepe wake umechakaa, lakini wekundu mpana wa katikati unaonekana, na pembeni buluu iliyokoza na michirizi ya rangi ya chungwa. Katikati ya nyota imeandikwa Burma. Hiyo ni nishani ya Vita vya Pili. Askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza, kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland (Malawi ya leo) walipigana na Wajapani huko Burma (Myanmar ya leo) 1944 katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakapita bonde la Kabaw kwenye mvua, tope na malaria hadi mto Chindwin.

Kijana aliyebeba mizigo 1916 angekuwa mtu wa makamo kufikia 1944, na jeshi lilikuwa likitafuta vijana. Nikamweleza mjomba hesabu hiyo. Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, jina lile lilirithiwa. Mpwa alichukua la mjomba wake."

Basi walikuwa wawili. Aliyerudi na nyota ni mpwa. Mjomba mtu, yule mpagazi, hakurudi kutoka ng'ambo ya Ruvuma, na kwa miaka yote hii nishani ya mpwa imefunika kifo chake. Hili liliniuma sana na linaniuma bado. Wapagazi walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu kwa maelfu, wa Mjerumani na wa Mwingereza, na wengi hawana hata kaburi linalojulikana. Ile sanamu ya Askari ya 1927 pale Dar es Salaam inawataja wapagazi kwa jumla, lakini jina la mmoja mmoja halimo.

Nimewaandika kila mmoja kwenye ukurasa wake, kila habari ikiwa na jina la aliyenisimulia. Mjomba ameridhia: khitma ijayo watasomewa wote wawili, mkubwa na mdogo. Kwa walioko Newala, Masasi au Nanyumbu ambao wazee wao wanaijua njia waliyopita wapagazi kwenda Ngomano, naomba sana tuzungumze.