Nilivyoivuka sonona nikiwa mwaka wa pili chuoni

Kilichoanza kuharibika ni usingizi. Naamka saa tisa usiku, macho makavu hadi adhana ya alfajiri, kisha mchana kutwa mwili mzito na chakula hakipiti. Hata mpira, ambao sikuwa nakosa, haukunipa raha tena. Wenzangu walisema ni mawazo tu, yatapita. Muhula ukaisha hayajapita.

Aliyenishika mkono ni rumeti wangu. Hakunihubiria. Alisema, "Kaka, kesho twende wote kwa mshauri nasaha," na kweli akanifikisha hadi mlangoni. Mshauri aliniuliza maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: usingizi, hamu ya kula, umakini, kujiona sifai, hata mawazo ya kujidhuru. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Ukifikisha 10, mtaalamu anakuchunguza kwa kina. Mimi nilizidi. Kuambiwa kwamba huu ni ugonjwa, sonona, na una tiba, kulinipa pumzi.

Ndipo akataka kujua ninavyoishi. Bumu, yaani pesa ya mkopo wa wanafunzi, halikutosha, ada iliyobaki ilimwangukia mama anayeuza samaki. Nina sapu, yaani mitihani ya kurudia, nahofia kudisko, kuondolewa chuo kwa kufeli. Na mimi ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kufika chuo kikuu, wote wananitazama. Akasema dawa peke yake haitalipa ada, na ada ikilipwa haitaondoa ugonjwa. Kila kimoja kishughulikiwe mahali pake.

Daktari alinianzishia dawa, akanionya kwamba huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na nisiziache ghafla nikipata nafuu. Ada nikaruhusiwa kulipa kwa awamu. Mitihani niliahirisha kwa sababu za kiafya. Wanafunzi wengi hawajui kwamba hili linawezekana! Kwetu ilitakiwa ripoti ya daktari, na uombe kabla ya mitihani kuanza.

Kumwambia mama ndiko kulikonitisha kuliko yote. Alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Mwanangu, shahada nitaisubiri. Wewe kula kwanza."

Nilirudi darasani mwaka uliofuata, nikafaulu zile sapu. Sasa mdogo wangu yeyote wa chuo akinidokezea kwamba amechoka kuishi, simwachi peke yake. Namuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua, kisha naongozana naye kwa mshauri, na ikiwa ni usiku tunakwenda hospitali moja kwa moja.