Kaka yangu yuko soba house

Jamani wenye ndugu wanaotumia unga, msikate tamaa. Kaka yangu sasa hivi yuko soba house, yaani nyumba ya kuwasaidia watu kuacha dawa za kulevya, hapa Unguja, nimeenda kumuona Jumapili nikamkuta anamenya vitunguu na wenzie maana ilikuwa zamu yao ya kupika, kanenepa, na akiongea anakuangalia usoni, kitu alikuwa kashaacha kabisa. Kilichonigusa ni kwamba wasimamizi wenyewe walikuwa watumiaji, arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, wanaijua, kwa hiyo huwadanganyi na wala hawamdharau mtu. Asubuhi wanakaa duara, kila mmoja anataja jina lake anasema mimi ni mraibu, wanamsikiliza bila kumkatiza. Ila kabla hujampeleka mtu wako nenda kaione nyumba kwanza, ulizia kama imesajiliwa, angalia wanapolala, maana ile ya kwanza tuliyompeleka tulikuta watu wamefungwa minyororo tukamtoa siku ileile. Na nyumba ikishindikana, methadone, dawa ya kunywa inayozuia arosto, inatolewa bure, hospitali ya Muhimbili kule Dar walianza 2011 na huku ipo hospitali ya Kidongo Chekundu. Akitoka, fundi rangi wa mtaani kashasema atamchukua kazini, na mama kashawaambia majirani marufuku kumuita teja.