Nafasi ya Tano Ina Raha Yake: Kwa Ndugu Zangu wa Ligi Yetu ya Mtwara

Zamu za kuchagua wachezaji kwenye ligi yetu ya fantasi, ule mchezo wa kujipangia kikosi cha wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani, zimeshapangwa, na ujumbe wa kwanza kunifikia hapa Columbus, Ohio, umetoka kwa binamu yangu wa Mikindani: "Shikamoo kaka. Nimeangukia nafasi ya tano. Mwaka huu basi tena." Nimeshaongea naye kwa simu, lakini najua wapo wengine wenye ya nne, ya sita na ya saba wanaonung'unika vilevile, kwa hiyo naandika kwa kirefu. Naipenda sana nafasi ya katikati na ningefurahi kupewa kila msimu.

Kwa anayejiunga sasa: hii siyo ile fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza yenye bajeti, ambayo mji mzima unaweza kuwa na Haaland. Hii ni ya drafti, yaani tunachagua wachezaji mmoja mmoja kwa zamu. Tuko 10, na mchezaji akishachukuliwa na mmoja wetu, wengine hatumpati. Hakuna bajeti wala kapteni. Kila mtu anajaza watu 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5, washambuliaji 3. Zamu zinakwenda na kurudi, kwamba aliyeanza mzunguko wa kwanza ndiye anayefunga wa pili, halafu anaanza tena wa tatu.

Kuchagua kwa zamu kulizaliwa huku niliko. Mwaka 1962 Bill Winkenbach, mmoja wa wamiliki wa timu ya Oakland Raiders, alikaa na wenzake hotelini New York wakatunga kanuni, na uchaguzi wa kwanza ukafanyika mwaka 1963. Mpira wao ni ule wa Kimarekani, wa kushika mikononi. Wenzangu wa ghalani ndio walionifundisha, wakati wa chakula, na tangu hapo nikawa natamani tuufanye na watu wa nyumbani kwa mpira wetu wa miguu. Kwao kilio ni wakimbiaji wa mpira: timu ziko 32, na nyingi zina mmoja tu wa kutegemewa. Mwaka 2024 wenye nafasi ya kwanza wengi walimchukua mkimbiaji Christian McCaffrey, majeraha yakamwachia mechi 4 tu msimu mzima. Ja'Marr Chase, aliyekuwa anapatikana katikati ya mzunguko wa kwanza, akawaongoza wapokeaji wote kwa kudaka, kwa yadi na kwa kufunga.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo penye utamu. Mwenye nafasi ya kwanza anachagua wa 1, halafu anakaa anatazama wachezaji 18 wakiondoka mpaka afikiwe tena kwenye wa 20 na wa 21. Wewe wa tano unachagua wa 5, wa 16, wa 25, wa 36, wa 45, na kuendelea hivyo hadi wa 145. Hukai muda mrefu hata mara moja. Ni kweli hupati wawili kwa mpigo kama walio pembeni. Lakini wale wa pembeni wakianza kugombania makipa, wanaweza kuisha wengi kabla zamu haijawarudia. Wewe utawahi kuingilia kati.

Tena angalia ni nani wanaochagua unapokuwa unasubiri. Kati ya wa 5 na wa 16 wanachagua watu watano tu, yaani wa sita hadi wa kumi, kila mmoja mara mbili. Kati ya wa 16 na wa 25 wanachagua wanne, wa nne hadi wa kwanza, nao mara mbili kila mmoja. Itakuwa hivyo mizunguko yote. Kwa hiyo kabla hujagusa jina lolote, fungua vikosi vya hao wanne au watano. Ikiwa wote wanne wameshajaza makipa wawili, hakuna atakayechukua kipa mpaka urudi, kwa sababu kanuni haziwaruhusu. Chukua beki au kiungo unayemtaka, kipa wako anakungoja. Wazee wanaocheza bao pale Mikindani wanahesabu kete za mwenzao kabla ya zao, na ndivyo nafasi hii inavyotaka ichezwe.

Uhaba wenyewe uko hivi. Klabu ni 20, kwa hiyo makipa namba moja ni 20, na sisi 10 tunahitaji 20. Wote wataisha. Hata hivyo simshauri mtu amkimbilie kipa mapema, kwa kuwa kila wiki anacheza mmoja tu na tofauti ya pointi kati yao siyo kubwa. Washambuliaji ndio wa kuogopa. Tunahitaji 30, na klabu nyingi siku hizi zinaanza na mshambuliaji mmoja. Ukifika mzunguko wa sita huna hata mmoja, utabaki kuokota wa benchi.

Hapohapo, bao la kiungo lina pointi 5 na la mshambuliaji 4. Salah, aliyeorodheshwa kama kiungo, alimaliza 2024/25 na mabao 29 na pasi za mabao 18, na hakuna mshambuliaji aliyemfikia kwa pointi. Kwa hiyo wa 5 mimi ningechukua aliye bora kati ya waliobaki bila kujali namba yake, ila awe anapiga penalti kama inawezekana. Wa 16 au wa 25, mmoja lazima awe mshambuliaji. Baada ya hapo tulia. Msimu huohuo Chris Wood wa Nottingham Forest alifunga mabao 20, na mwanzoni watu hawakuwa wakimgombania.

Wachezaji huru, yaani ambao hakuna aliyewachagua, nao wasisahaulike. Cole Palmer alihamia Chelsea tarehe 1 Septemba 2023, msimu umeshaanza, akafunga mabao 22. Anayeshika mkia ndiye anayepewa kipaumbele kuwachukua wachezaji huru, basi aliye vibaya asikate tamaa akaacha kufungua programu. Hilo linaniuma kila mwaka. Mtu akiacha kupanga kikosi mwezi wa kumi kwa sababu mnada wa korosho umeanza, anawaharibia na wenzake. Korosho tunaijua sote, lakini dakika mbili kwa wiki zinapatikana hata Tandahimba.

Saa nazo mziangalie. Mwanzoni mwa msimu mechi ya saa tisa alasiri ya Uingereza kwenu ni saa kumi na moja jioni, kwangu ni saa nne asubuhi. Mwisho wa Oktoba Waingereza wanarudisha saa zao nyuma, na kwenu itakuwa saa kumi na mbili. Kikosi kinafungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki, siyo kabla ya mechi utakayoitazama kibanda umiza.

Uchaguzi ni Ijumaa saa tatu usiku ya nyumbani, saa nane mchana kwangu. Nimeshaomba ruhusa kazini. Nunueni bando mapema na simu ziwe na chaji, maana sekunde zako zikiisha mashine inakuchagulia. Na wewe binamu, andika majina 16 kwa mpangilio wa unavyowataka. Kabla ya zamu yako ya pili watakuwa wameondoka 15, kwa hiyo hata mambo yakiharibika vipi, mmoja wa orodha yako atakuwepo. Ukimaliza hayo, ongeza 9 kwa ajili ya wa 25, halafu nipigie tuyapitie pamoja.