Miaka yangu ulingoni Lubumbashi, na mgongo ambao bado unanyooka

Kitu cha kwanza nilichofundishwa kwenye mieleka ni kuanguka, na kwa muda mrefu hakukuwa na cha pili. Mwalimu wetu alikuwa mzee wa komine ya Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, Kongo. Alitupanga uani kwake tumechuchumaa, akapita akitusukuma kifuani mmoja mmoja. Kidevu ukibane. Pumzi itoke kabla hujagusa chini. Mikono yote miwili ipige mkeka sawia na mgongo, kuanzia kiganja mpaka kiwiko, ili mshindo utawanyike mwilini usije ukakusanyika mahali pamoja. Aliyesahau kidevu alikisikia kisogo chake kikigonga ardhi, na hakurudia. Kutoka kuchuchumaa tukahamia kusimama, kutoka kusimama tukapanda kwenye stuli. Wenzangu waliokuja na vifua vipana kuliko changu walikinai mapema wakataka wafundishwe kunyanyua watu. Wengi wao ndio waliotangulia kuacha.

Nilianza nchi ikiitwa Zaire. Nilipoacha kupigana nilikuwa na wajukuu. Vijana wakiniuliza nimedumuje, wanategemea niwatajie mti wa porini au chakula fulani. Nimekula bukari (ugali) na sombe (kisamvu) kama kila mtu. Nilichokichunga ni mtu ninayepanda naye ulingoni. Ukishanyanyuliwa juu kichwa chini miguu juu, shingo yako si yako tena, ni ya huyo aliyekushika. Kwa hiyo kabla ya kukubali pambano sikuuliza kwanza malipo, niliuliza: nani?

Hapa kuna wazee wa kachi, kama tunavyoiita mieleka yetu ya maonyesho, watakaonikasirikia, maana tulikatazwa kusema. Lakini siri hii ilishatoka zamani. Mwaka 1989 wakubwa wa mieleka ya Marekani wenyewe waliliambia baraza la seneti la jimbo la New Jersey kwamba kazi yao ni burudani, wapate kuepa kodi na usimamizi wa tume ya michezo. Sisi huku tuliendelea kuapa kwamba kila ngumi ni ya kweli! Ukweli ni kwamba mshindi tunamjua mapema, na tunakubaliana jinsi mwisho utakavyokuwa. Yaliyobaki tunaambiana mle ulingoni, mdomo sikioni, wakati watu wanadhani tunakabana roho.

Nakumbuka pambano moja Likasi, mwezi wa sita, baridi ile ya kiangazi inayokaza misuli hata ukiwa umevaa koti. Goti langu lilikuwa limevimba tangu asubuhi. Nilipomkaba mwenzangu shingoni nikamnong'oneza, "Yaya," yaani kaka mkubwa, "goti leo halipo." Akajibu bila kufungua meno, "Basi tukae chini, mdogo." Usiku ule wote tulipigania chini, kukunjana mikono na kupindana vifundo, yeye akilalamika kwa sauti utadhani anachinjwa. Watu walisimama juu ya viti. Huyo ni mtu ambaye ningepanda naye hata usingizini.

Yupo mwingine, simtaji, ambaye alikuwa na nguvu za kutisha na haraka za kutisha. Alinibwaga kabla sijajikusanya, nikaangukia bega, na mkono wa kushoto ukafa ganzi kwa majuma kadhaa. Aliomba radhi, nikazipokea. Kupanda naye tena nilikataa, hata mwandaaji alipoongeza pesa. Niliitwa mwoga mtaani. Mwanamieleka Bret Hart wa Kanada alijivunia kwamba hakuwahi kumuumiza mpinzani, ila hakuna alichoweza kufanya kuhusu miguu ya wengine: teke moja la kichwani, Desemba 1999, lilimtikisa ubongo, na mwaka uliofuata akastaafu. Afadhali niitwe mwoga.

Jambo la pili lilikuwa ulingo wenyewe. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, nimelisha watoto kwa mageti na madirisha kuliko kwa kachi, na ufundi huo uliniokoa mara nyingi. Ulingo wa kwetu huundwa kwa kinachopatikana: nguzo za mabomba ya chuma, mbao juu ya matairi ya lori ili padunde kidogo, sponji za magodoro, halafu turubai juu ya vyote. Nilifika mapema kabla ya watu, nikavua viatu, nikatembea pembe kwa pembe nikikanyaga kwa kisigino. Mbao nzima inajibu kwa sauti nzito. Iliyopasuka inalia kavu, na msumari unausikia kwenye unyayo hata chini ya sponji. Kamba nilizivuta kwa uzito wangu wote, kisha nikaangalia viungo vya nguzo kama ninavyoangalia geti la mteja msumbufu. Kolwezi niliwahi kukuta kiungo kimeshikwa kwa waya. Nilikwenda kumtafuta jirani mwenye mashine ya kuchomelea, mlango ukafunguliwa kwa kuchelewa, mwandaaji akanuna. Msimu wa mvua nilikuwa mkali zaidi, kwa sababu turubai lililolowa halikushiki miguu na sponji iliyojaa maji ni ngumu kama udongo.

Sasa dawa. Huwezi kuzungumza kachi ya Kongo ukaikwepa. Watu wamezoea kuona mpiganaji akitoka na ngozi ya chui, unga mweupe usoni, nyoka shingoni. Kinshasa yuko Edingwe, Moto na Ngenge, aliyejulikana nchi nzima kwa mtindo huo. Mwanzoni niliudharau. Nilijiona mwanamichezo, sikutaka kuonekana mganga. Mama watoto naye aliogopa maneno ya kanisani. Lakini kadiri nilivyozeeka niliona jambo ambalo wapenzi wa kachi hawaliangalii: mtu anayeangushwa kwa dawa hanyanyuliwi na mtu! Ananyooshewa mkono kwa mbali, anatetemeka, anazunguka, anaanguka mwenyewe, kwa namna aliyoichagua, kwa wakati wake. Hakuna usalama unaoshinda huo. Nikakubali moshi na unga kidogo, nyoka nikamkataa. Mchungaji nilimwendea mwenyewe nikamweleza. Alicheka, akaniomba tiketi.

Nilipowaangalia wakubwa wa nje nikaona nao wamefika hapo hapo kwa njia yao. Mwanamieleka Undertaker aliingia kwenye WWF, shirika la mieleka la Marekani, Novemba 1990 na akadumu mpaka 2020. Angalia anavyoingia: taa zinazimwa, kengele inagonga, anatembea polepole mno, watu wameshapagawa na hajagusa mtu. Dakika hizo zote goti linapumzika. Alishinda mara 21 mfululizo kwenye WrestleMania, onyesho lao kubwa la kila mwaka, hadi mwanamieleka Brock Lesnar alipomkatisha 2014, na usiku ule alipelekwa hospitali na mtikisiko wa ubongo. Pambano lake la mwisho, 2020, lilirekodiwa kama filamu kwenye makaburi ya kuigiza, bila watazamaji. Kuna waliosema huo si mchezo. Mimi nilisema mzee ana akili.

Mmarekani mwingine, Ric Flair, ndiye niliyemsoma zaidi. Mwaka 1975 ndege ndogo aliyopanda ilianguka North Carolina, mgongo ukavunjika mahali patatu, madaktari wakamwambia mieleka basi. Miezi michache baadaye alikuwa amerudi. Tazama video zake utamwona anaangukia ubavu, mgongo haupigi chini wote. Baada ya ile ajali yangu ya bega nilijifunza hivyo hivyo, kwa upande wa kulia. Ila alipopanda kwa mara ya mwisho Nashville mwaka 2022, akiwa na miaka 73, sikufurahi kumwona. Nampenda zaidi Lou Thesz, bingwa wa Marekani wa zamani, aliyepigana Japani mwaka 1990 akiwa na miaka 74 na mchezaji kijana, Masahiro Chono; huyo alikuwa wa mieleka ya chini, ya kushika na kupinda, na mtindo huo hauuli mtu upesi.

Pesa nitazisema kifupi kwa sababu bado zinaniudhi. Miaka ya mwanzo ya tisini ulilipwa usiku kwa zaire, pesa za wakati ule, na juma likiisha hazinunui hata nusu ya ulichokuwa umekipangia. Nikaanza kudai nilipwe unga wa mahindi, mfuko mezani kabla sijavaa. Faranga zilipokuja mahali pa zaire nilidai nusu mbele, baada ya mwandaaji mmoja kutokomea na mapato ya mlangoni sisi tukiwa bado tunatoka jasho. Tulirudi Lubumbashi juu ya magunia ya makala, yaani mkaa. Mtu mwenye kazi nyingine anaweza kusema hapana. Bila karakana ningepanda na kila mtu, kwenye kila mbao, na leo nisingekuwa na shingo ya kugeuza.

Shingo yenyewe niliifanyia kazi kila asubuhi kabla ya chai: daraja la kichwa, yaani mwili ukiegemea kichwa na miguu, taratibu, mbele na nyuma, halafu kushoto na kulia kwa kusukuma kiganja. Watoto wangu walijua wakinikuta hivyo wasinisemeshe.

Siku hizi nafundisha uani kwangu, jioni, karakana ikishafungwa. Ulingoni napanda kama meneja tu, na suti, kupiga kelele pembeni na kumdanganya mwamuzi. Mkataba wangu na vijana ni kwamba nipigwe kiti kimoja kwa usiku, mgongoni, si kichwani. Cha plastiki. Na nakuja nacho mwenyewe kutoka nyumbani.